Mdahalo wa 2013: nilimweka Peter Kenneth juu, mamangu akacheka

Mwalimu wa Malindi:
Ndugu zangu, nina daftari moja kuukuu sijaweza kulitupa. Ukurasa wa mwisho nimeandika "11/2/2013, Brookhouse", ile shule ya Nairobi, na chini yake majina manane: Uhuru, Raila, Mudavadi, Kenneth, Karua, Kiyiapi, Muite, Dida. Ulikuwa mdahalo wa kwanza wa wagombea urais kuonyeshwa kwenye televisheni Kenya, na mimi, niliyezoea kusimamia midahalo ya shule, nikakaa na kalamu yangu. Hoja 10, kujibu ulichoulizwa 10, kuheshimu muda 5, lugha 5.

Kenneth alipata 26. Karua 25. Raila nilimkata mbili kwa kuzunguka, nikamrudishia moja aliposema itakuwa taabu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) Uhuru alikokuwa na kesi. Uhuru, kesi ya ICC ilipotajwa, alisema ni changamoto yake binafsi, bila kutoka jasho. Nikaandika pembeni "amekwepa vizuri", na mpaka leo sijui kama hiyo ni ya kuongezewa au ya kukatwa.

Mamangu alikuwa mkekani anachagua mchele. Kiingereza hakijui, na mdahalo wote ni Kiingereza. "Huyu kasemaje?" Kabla sijamaliza kumfasiria, mwingine keshaanza. Mwisho akachoka kuuliza, akawa anatazama tu. Kisha akasema: "Yule mwenye ndevu ndiye anayezungumza na sisi. Hawa wengine wanazungumza na waliowauliza." Huyo ni Dida, mwalimu mwenzangu, niliyempa 14 kwa kutoka nje ya mada.

Kura zikahesabiwa. Dida 52,848, Karua 43,881. Kenneth wangu hakufika hata asilimia moja. Bi mkubwa alicheka hadi akakohoa.

Sasa vijana wa barazani wananiambia nijiandae kutoa alama 2027. Nyinyi mnahukumu kwa kigezo gani?

Dereva wa Mariakani:
Shikamoo mwalimu. Mimi niliusikiliza redioni, lori limekwama kwenye foleni ya mizani. Kwa sauti tupu, Kiyiapi ndiye aliyenikaa: ametulia, hapandishi, unamfuata mpaka mwisho. Kesho yake turnboi wangu, aliyetazama kwa jamaa yake, hakukumbuka hata kama Kiyiapi alikuwepo! Yeye ni Dida, Dida, Dida. Kwa hiyo nami nakuuliza: zile 26 ulizitoa kwa masikio au kwa macho?

Binti wa Umoja:
Mwalimu, heshima yako, lakini unapima nguo kwa kilo. Kura zilikuwa na wenyewe kabla taa za Brookhouse hazijawashwa. Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Hiyo 0.07 nikubali labda ilitoka mdahaloni, na hiyo 50 je?

Halafu angalia yaliyofuata. 2017 Uhuru hakutokea, Raila akahojiwa peke yake. 2022 Raila naye hakutokea, Ruto akasimama peke yake mbele ya waongozaji, Eric Latiff na Yvonne Okwara. Utampaje alama mtu anayepiga penalti na goli halina kipa? Mwaka ule watu wawili wa kukabana kweli niliwaona kwenye mdahalo wa wagombea wenza, Karua wa Raila na Gachagua wa Ruto. Sebuleni kwetu Karua alishinda kwa mbali. Ofisi ya naibu rais ilikwenda kwa Gachagua, unajua.

Mwalimu wa Malindi:
Marahaba dereva. Nikiwa mkweli, kwa macho. Kenneth alivyosimama tu nilikuwa nimeshampa tano za lugha.

Binti, sikukatalii, ila mimi siulizi nani atashinda. Nauliza nani amejibu. Mdahalo wa pili, tarehe 25 Februari, Uhuru aliulizwa kuhusu ardhi ya familia yake. Hapo mamangu aliweka ungo chini. Sisi huku ni maskwota kwenye mashamba waliyozikwa babu zetu, kwa hiyo swali hilo nililifasiri neno kwa neno, na jibu pia. Akasikiliza lote. Akauliza kitu kimoja: "Na hati zetu?"

Nikamwambia sijasikia.

"Basi zima, tokeni inakwisha."

Ndiyo maana kwenye daftari mdahalo wa pili una majina tu. Safu ya "kujibu ulichoulizwa" iko tupu kwa wote wanane.