Noah ya zamani au ya 2001 kuja juu? Naomba ushauri

Salaam ndugu zangu. Natafuta Toyota Noah ya kubeba abiria na magunia ya maembe, Marafa hadi Malindi mjini. Ile ya zamani injini iko chini ya viti vya mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukipakia, uzito unazikandamiza tairi hizo zinazosukuma gari, mchangani inapita. (Ila dereva anaokwa makalio!) Iliyotoka 2001 inavutwa na ya mbele. Sakafu iko chini, kina mama wanapanda bila taabu. Hofu yangu ni mlima wa kokoto: mzigo nyuma, mbele kwepesi, tairi zinazunguka bure. Na mipira inayofunika viungo vya ekseli ikipasuka, mchanga unaingia. Moyo uko kwa ya zamani, lakini nyingi nilizoona zimeliwa na kutu. Mwenye kuendesha hii ya mbele njia hiyo, inahimili?