Naomba ushauri: askari wa plastiki na treni ya kuchezea havilingani

Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, na mimi na mdogo wangu tunatengeneza mchezo wa vita wa mezani, vita vya 1916 kando ya Reli ya Kati. Askari ni wa plastiki laini, kipimo cha 1:72. Treni niliipata kwenye mitumba Mwanjelwa, injini na mabehewa matatu, na hiyo ni 1:87.

Shida ndiyo hapo. Mtu wa sentimita 170 kwa 1:72 anatoka karibu milimita 24, kwa 1:87 anabaki 20 tu. Askari akisimama mlangoni mwa behewa, kichwa kinapita juu! Nimefikiria kubomoa mabehewa, nibakize magurudumu na chasisi, juu nijenge upya kwa kadibodi ngumu. Injini je? Nibadilishe kibanda cha dereva peke yake, au itaonekana kituko?

La pili linaniumiza zaidi. Kofia za chuma nimezikata kwa wembe, nikaweka kofia ndefu zenye kitambaa cha kufunika shingo kama za askari wa Wajerumani, nimezifinyanga kwa gundi ya epoksi. Kazi ya wiki mbili. Sasa rangi inabanduka kila mtoto akiwashika, hasa kwenye bunduki maana zinapinda. Niliwaosha kwa sabuni kabla ya kupaka. Kuna aliyewahi kutanguliza gundi nyeupe ya mbao chini ya rangi? Inashika?