MREJESHO: Treni ya Napa na mama asiyekunywa mvinyo

Wadau, niliuliza kama inafaa kumpandisha mama treni ya chakula ya Napa Valley, bonde la mashamba ya mvinyo huko California, ilhali hagusi pombe. Tumekwenda, na inafaa kabisa! Inatoka Napa hadi St. Helena na kurudi, kama maili 36, mwendo wa taratibu, kwenye mabehewa ya miaka ya 1910. Mama, mkulima wa miaka yote, hakubanduka dirishani. Aliona mawaridi yamepandwa mwanzoni mwa mistari ya mizabibu. Tuliposimama kwenye kiwanda cha mvinyo akaelezwa kuwa zamani mawaridi hayo yalitumika kugundua mapema ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mizabibu. Aliuliza maswali mpaka kiongozi wa wageni akafurahi. Angalieni tiketi lakini, si kila safari husimama kiwandani. Na ya jioni nendeni kiangazi, jua linachelewa kuzama.