Fundi anaseti taimingi ya pampu kwa sikio, halafu ananiambia injini "itazoea"!

Wakuu, naandika nikiwa kando ya barabara katikati ya mlima wa Kitonga, roli limesimama na mbolea ya watu mgongoni, na hasira niliyo nayo ingetosha kulivuta hadi Iringa bila injini. Yule fundi pampu mnamjua nyote, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Nilimpelekea pampu ya dizeli ya Fuso iliyotoka kupimwa kwenye benchi, aifunge na kuseti taimingi, yaani wakati wa pampu kusukuma dizeli kwenye silinda, basi. Kila aliyewahi kushika spana anajua kwamba silinda ya kwanza huletwa kwenye mgandamizo, vali za silinda ya sita zikiwa zinapokezana, kisha puli ya kranki, mhimili mkuu wa injini, hurudishwa nyuma na kuletwa polepole hadi kwenye nyuzi (digrii) alizoandika mtengenezaji, huku kivali cha kutolea mafuta kikiwa kimeondolewa, mwenzako akipampu kwa mkono, nawe ukitazama dizeli ikipungua kutoka mchirizi hadi tone. Yeye hakutazama alama wala tone. Alilegeza nati, akaigonga pampu kwa mpini wa nyundo, akawasha, akabana bisibisi kati ya bloku na sikio lake, akafumba macho, akasema, "Imekaa."

Moshi mweupe ulipojaa gereji, wenye harufu ya dizeli mbichi inayochoma macho, nilimwuliza kama taimingi haijachelewa. Akanijibu mbele ya utingo wangu: "Bosi, tulia, injini itazoea."

Itazoea! Kwani injini ni mwali aliyeolewa jana, hata izoee ukweni? Nimepanda kwa gia ya kwanza, nimepitwa na bibi mwenye ndoo ya vitunguu, naye akageuka kunipa pole, huku mshale wa joto ukipanda kwa kasi kuliko roli. Nimelipa pesa kamili ili niambiwe itazoea.

Mzee wa Bomba: Pole, mkuu, ila mtu anaseti kwa sikio nawe umekaa unakunywa soda? Pampu huzunguka nusu ya mwendo wa kranki, kwa hiyo ukikosea nyuzi 2 kwenye pampu, umekosea 4 kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na kranki.

Mwanzilishi: Nilimwambia! Ndipo akasema itazoea.

Utingo Mstaafu: Huyo wako ni malaika. Fundi wangu aliiwahisha taimingi kupita kiasi injini "ipate nguvu", ikawa inagonga kila alfajiri hadi majirani wakanishtaki kwa mjumbe, na mwisho gasketi ya silinda hedi ikaondoka.

Dada Nozeli: Nyote mnalaumu taimingi, lakini nozeli inayochuruzika badala ya kunyunyiza dizeli kwenye silinda nayo hutoa moshi mweupe. Mimi niliuziwa nozeli kuukuu, zimeoshwa kwa petroli na kutiwa kwenye boksi jipya, na muuzaji akaapa kwa jina la mama yake.

Mzee wa Bomba: Nozeli na plunja, kile kijiti kinachosukuma dizeli ndani ya pampu, hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzila zote mbili. Anzeni na vituo vya mafuta.

Dada Nozeli: Hapo umenena. Kuna kile kituo chenye foleni ya malori usiku, mnakijua.

Mwanzilishi: Jamani, uzi huu unahusu taimingi, na mimi bado niko Kitonga.

Utingo Mstaafu: Subiri kidogo, mkuu. Dada Nozeli, ni kile chenye mama ntilie mlangoni, au kile cha ng'ambo ya mizani?