Je, leza inafaa kwa meno yanayokufa ganzi?

Muulizaji:
Habari zenu, ndugu. Kwa miezi minne sasa meno yangu mawili ya juu yanakufa ganzi kila ninapokunywa maji baridi au kuvuta hewa kwa mdomo, na maumivu hayo, ingawa ni makali, hutoweka mara moja. Daktari amependekeza leza. Naomba kufahamu hufanya nini hasa ndani ya jino.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana. Chini ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, kuna dentini, ambayo imejaa vitundu vyembamba mno vyenye umajimaji; fizi zinaposhuka au enameli inapolika, vitundu hivyo hubaki wazi, na baridi ikigusa hapo umajimaji husogea na kuziamsha neva zilizo ndani. Leza za nguvu ndogo, kama zile za diodi, hazizibi kitu, bali hukusudiwa kuzituliza neva. Zile za nguvu kubwa, mfano Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, huyeyusha kidogo uso wa dentini, nao ukiganda tena huziba midomo ya vitundu. Muulize daktari wako anatumia ipi.

Mchangiaji wa pili:
Naomba nitofautiane kidogo, si kuhusu maelezo hayo bali kuhusu haraka ya kukimbilia leza. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalionyesha kwamba leza huenda ikapunguza maumivu, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Isitoshe, katika tatizo hili hata wagonjwa waliopewa tiba ya uongo mara nyingi husema wamepata nafuu. Ningeanza na dawa ya meno yenye potasiamu nitreti ya asilimia 5, niitumie asubuhi na usiku kwa wiki kadhaa, kisha floridi ya kupakwa na daktari. Je, unatumia mswaki wa aina gani?

Muulizaji:
Mgumu, tena nausugua kwa nguvu. Nilidhani ndio usafi.

Mchangiaji wa pili:
Basi huenda chanzo ni hicho, na vitundu vilivyozibwa leo kwa leza vitafunuliwa tena na mswaki huohuo. Nunua ulio laini.

Mchangiaji wa kwanza:
Nakubaliana naye. Hata hivyo, maumivu yakianza kudumu dakika kadhaa baada ya baridi kuondoka, au jino likiuma unapotafuna, rudi kwa daktari atafute ufa au uozo kabla ya kuzungumzia leza. Na siku mkiamua kuitumia, wewe na daktari nyote mvae miwani ya kinga.