Naomba ushauri: Bulabo (tamasha la ngoma za Wasukuma) pale Bujora na watoto wadogo, inawezekana?

Mama Tatu, Nyakato
Habari zenu wana jukwaa. Shule zikifunga mwezi wa sita nabaki na watoto watatu ndani: miaka 13, 9 na 4. Kisiwa cha Saanane tumeshakwenda mpaka pimbi wametuzoea. Mama mkwe, mzaliwa wa Magu, anasema safari hii tuwapeleke Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakaone ngoma, maana Kisukuma chao chote ni "wabeja" (asante). Baba yao anapinga: vumbi, vurugu na nyoka. Huyu mdogo akiona mjusi ukutani anahama chumba. Halafu sisi ni Waislamu, hatutaonekana wavamizi? Mwaka jana kwenye tamasha moja wa kati alinipotea nusu saa, bado sijapoa.

Mzawa wa Kisesa
Karibu sana dada. Bulabo inakwenda na sikukuu ya Ekaristi, ndiyo maana tarehe inahama kufuata Pasaka. Ibada na maandamano ni ya Wakatoliki, ngoma ni ya kila mtu. Bibi zangu wa Kiislamu hawajawahi kukosa.

Nyoka asikutishe, anashikwa na wenye fani yao, Bayeye, na mwanao utamweka mbali. Cha kuogopa ni watu. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake, na mshindi ni aliyevuta watazamaji wengi. Sasa upande mmoja ukitoa kituko, fisi au chatu, uwanja mzima unahama mbio kwenda huko. Ukiwa katikati na mtoto mkononi, umekwisha. Mimi niliacha kandambili moja pale, nikarudi nyumbani kwa mguu mmoja. Kaeni pembeni, mahali penye mti, na mwambie huyo wa miaka 9: ukipotea, rudi kwenye mti.

Jembe Halimtupi Mkulima
Usikose Bugobogobo! Wanaume wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kupotea mdundo. Wanangu walirudi nyumbani wakajaribu na mwiko. Sufuria ikatoboka.

Shemeji wa Igoma
Mimi naungana na baba watoto. Wa miaka 4 mwache kwa jirani. Mchana jua la kiangazi ni kali, na akishasinzia utambeba wewe, si sisi.

Ticha Mstaafu
Mama Tatu, tenganisha vitu viwili. Siku ya ngoma makumbusho hutayaona vizuri, watu ni wengi mno. Nenda nayo siku ya kawaida, huyo mdogo akiwemo. Padri David Clement, Mkanada, ndiye aliyeanzisha kituo kile, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Kuna boma la Kisukuma, nyumba ya mhunzi, ngoma za watemi, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi; watoto wa darasa langu walikuwa wakigombania kulipanda. Bibi aende nao. Mwongozaji atawaeleza vizuri, lakini bibi atawaambia nani alikuwa akilala wapi na nani alikuwa haruhusiwi kushika nini.

Kutoka Mwanza mjini ni kilomita kama 20, barabara ya Musoma. Panda daladala ya Kisesa, ukishuka chukua bodaboda. Msiende watano kwenye pikipiki moja, nawajua.

Mama Tatu, Nyakato
Wabeja sana! Nimemsomea mama mkwe maoni yote. Hapo kwenye Bagika na Bagalu akaweka kikombe chini, akaniuliza mmesema nani atashinda. Kumbe kwao ni Bagalu, na marehemu baba mkwe alikuwa Mgika. Mume wangu ana miaka 41 na ndiyo kwanza anasikia.

Makumbusho tunakwenda Jumanne, wote sita. Siku ya ngoma mdogo anabaki. Baba yao sasa anataka kujua mti uko upande gani.