Naomba ushauri: natishiwa kushtakiwa kwa kuuliza kuhusu gawio

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Nimeweka akiba katika sacco (chama cha akiba na mikopo) moja hapa Nairobi, na hivi karibuni niliandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba gawio limecheleweshwa bila maelezo na kwamba viongozi wanafaa kutuonyesha hesabu zilizokaguliwa. Sikumwita mtu mwizi. Hata hivyo, nimeletewa barua ya wakili inayonitaka niombe radhi, la sivyo nitashtakiwa kwa kuwaharibia jina.

Ninafahamu kwamba Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, ingawa kinataka pia heshima ya wengine ilindwe, na kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria iliyofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kesi za madai, ambazo ndizo zinazoumiza mfuko, zimebaki. Tena akiba yangu ni dhamana ya mkopo wa mwenzangu (wenye kudhamini wananielewa), kwa hiyo siwezi kujiondoa hivi sasa.

Je, nijibu barua mwenyewe, nitafute wakili ambaye ada yake huenda ikapita gawio lenyewe, au nitangulie kuwasilisha malalamiko kwa SASRA, mamlaka inayosimamia sacco nchini Kenya?